Wanagawa ukarimu kwa mfuko wangu: wenyeji wenzangu, nani mwingine amechoka na haya mabadiliko?

Wakuu, salamu zitafuata nikishapoa.

Wiki kadhaa zilizopita, usiku, nimeshazima taa, simu ikalia. Arifa kutoka kwenye jukwaa la mtandaoni ninalopangishia wageni nyumba yangu kwa usiku: "Habari njema kwa wenyeji wetu!" na kialama cha kushangilia pembeni. Silitaji jukwaa, akaunti yangu bado naihitaji, na msijitie kubashiri. Huu ni mwaka wa sita napokea wageni kupitia kwao, na nimeshajua kwamba wakianza na "habari njema", shika pochi.

Habari njema zenyewe ni mbili. Ya kwanza: mgeni haongezewi tena ada ya huduma, ada yote inahamia kwangu. Zamani mimi nilikatwa asilimia 3, mgeni akaongezewa kama 14 juu ya bei. Sasa mgeni sifuri, mimi 15. Ya pili: mgeni akishaweka nafasi ana saa 24 za kubadili mawazo na kurudishiwa hela yote, hata kama tangazo langu lina sera kali ya kughairi, mradi siku ya kuingia iwe mbali kwa wiki nzima au zaidi. Chini kabisa wameandika kwamba wanajivunia kushirikiana na mimi.

Kushirikiana! Mshirika gani anaarifiwa usiku?

Ngoja tuanze na ada, maana kwenye kundi letu la WhatsApp nimeona watu wazima na akili zao wakijikata wenyewe. Chukulia bei ya usiku mmoja ni 100. Zamani ilikuwa nabaki na 97. Wengi wamesema makato yameongezeka kwa 12, basi napandisha bei kwa asilimia 12, kwisha habari. Thubutu. 112 ukiikata asilimia 15 unabaki na 95.2. Ukitaka ile 97 yako irudi, bei inabidi ifike 114 na kidogo, kwa sababu wanakata kwenye bei mpya uliyopandisha, siyo ile ya zamani. Kila unapojisogeza juu, mkasi unasogea na wewe.

Halafu kuna ada ya usafi. Ile hela siyo yangu. Inapita tu mkononi inakwenda kwa dada anayekuja na ndoo yake mgeni akishatoka, anavua mashuka, anasugua bafu, anatoa nywele kwenye mtaro wa sinki (wale mlio wenyeji mnajua nazungumzia nini). Jukwaa linakata 15 kwenye jumla yote, usafi ukiwemo. Yaani jasho la mtu ambaye hata hawamjui nalo limetiwa kamisheni. Dada wa watu siwezi kumwambia kuanzia leo pokea 85 kwenye 100, basi naziba mimi.

Najua atatokea mtu aseme, "Sasa tatizo nini, si mgeni analipa kiasi kile kile? Zamani 114, leo 114." Kwenye karatasi sawa. Lakini nina mgeni wangu, mama mmoja mstaarabu sana, huja kila mwaka, huacha nyumba safi kuliko alivyoikuta. Wiki hii kaniandikia: "Mwanangu, mbona umenipandishia bei hivyo? Nimekukosea nini?" Anakumbuka ile 100 iliyokuwa imeandikwa kubwa juu ya tangazo, na leo mahali pale pale anaona 114. Ile 14 ya zamani ilikuwa na jina lao. Leo ina jina langu. Nilimjibu kwa maelezo marefu ya ada na makato, nikayasoma, nikaona nafanana na mwizi anayejitetea, nikayafuta. Nikaandika tu, "Shikamoo mama, gharama zimepanda." Akajibu "Marahaba," na nafasi hajaweka.

Akija atanipa nyota ngapi kwenye kipengele cha thamani ya pesa? Hapo ndipo wanaponimaliza. Mgeni wa kawaida anadhani nyota 4 ni sifa. Anatoa 4 kwa moyo mweupe. Hajui kwamba kwa mfano Airbnb, jukwaa kubwa la biashara hii hii, wanataka wastani wa 4.8 ndiyo uitwe Mwenyeji Bingwa, na kwamba kwenye tathmini kumi, watatu tu wakikupa 4 na waliobaki wote wakikupa 5, umeanguka kwenye 4.7. Na sisi kwetu ni hivyo hivyo. Kwa hiyo wamenilazimisha kupandisha bei, bei inanishushia nyota, nyota zinanishusha kwenye utafutaji, halafu inakuja arifa nyingine: "Wageni wanaona bei yako ni ya juu. Jaribu kupunguza kwa asilimia 10."

Kuna watakaonikumbusha kwamba Booking.com wanakata kamisheni kwa mwenye nyumba tangu zamani, mara nyingi kama asilimia 15, na dunia haijapasuka. Kweli. Lakini aliyeingia kule aliingia akijua, akapanga bei akijua. Mimi nilipanga bei, mapunguzo ya wiki na ya mwezi, mpaka malipo ya dada wa usafi, juu ya asilimia 3. Na Airbnb nao Oktoba 2025 waliwahamishia wenyeji wanaotumia programu za kuunganisha kalenda na bei kwenye mfumo huu wa mwenyeji kubeba ada yote, asilimia 15.5. Mwezi huo huo ndio wakaleta na saa 24 za mgeni kughairi bure. Hawa wangu wametazama, wakaona mkubwa kafanya na hakuna aliyekufa, wakafuata.

Sasa hizo saa 24. Nimeonja tayari, wala sikusubiri sana.

Siku ya tatu tu tangu sera ianze, mgeni akaweka nafasi usiku nne katikati ya msimu, zile siku ambazo mwenyeji anazisubiri mwaka mzima. Kalenda ikajifunga. Jioni ile ile wakaja wengine wawili kuuliza tarehe hizo hizo, mmoja familia yenye mtoto mchanga, ameshauliza mpaka kama kuna beseni. Nikawajibu samahani, pamejaa. Kesho yake, saa ya 23 kasoro dakika kadhaa, yule wa kwanza akaghairi. Bila neno. Nilivyomuelewa mimi, alikuwa ameshika nyumba tatu kwa mkupuo, analinganisha picha akiwa amejilaza, na mbili akaziachia kabla saa haijagonga. Simlaumu hata. Amepewa kitufe, amekibonyeza.

Jukwaa likaniandikia: "Habari njema! Tarehe zako ziko wazi tena."

Nikairudia familia ile. Walishapata kwingine. Usiku nne zikakaa wazi hadi siku tatu kabla ya kuingia, nikashusha bei, akaja mtu wa usiku mmoja.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwanza roboti, ikaniuliza kama ningependa kujifunza jinsi ya kughairi. Baada ya kuhangaika nikapata mtu, au kitu kinachojiita mtu. "Pole kwa usumbufu uliojitokeza. Tunathamini mchango wako." Nikamuuliza swali moja: kama mimi ndiye ningeghairi ndani ya saa 24 zile zile, ingekuwaje? Akanitumia kiungo cha sera. Nikakisoma. Mwenyeji akighairi anatozwa faini, tarehe zinabaki zimefungwa asiziuze kwa mwingine, na alama inaingia kwenye rekodi yake. Nikamuuliza tena, basi hata saa moja ya kubadili mawazo mimi sina? Akafunga kesi, ikaja meseji inaniomba nimpe nyota. Nikampa moja. Sidhani kama yeye huwa anateremshwa kwenye utafutaji.

Hapo ndipo kero yangu ilipo, kama kuna aliyekuwa bado anatafuta. Wakiamua kuwa wakarimu, wanakuwa wakarimu kwa mfuko wangu. Mgeni anasifu jukwaa, "jamani wananijali," na anayelipia huko kujali ni mimi na kalenda yangu. Kama saa 24 ni nzuri kiasi hicho, si wamlipie mwenyeji walau usiku mmoja kutoka kwenye kamisheni yao? Nyumba siyo yao, mashuka siyo yao, mkopo wa nyumba siyo wao. Chao ni kitufe.

Na hili halijaanza leo. Wale wakongwe mnakumbuka Machi 2020, janga la Uviko lilipofunga viwanja vya ndege. Airbnb wakatangaza wageni walioweka nafasi kufikia tarehe 14 ya mwezi ule warudishiwe hela yote kwa safari za wiki zilizofuata, sera ya mwenyeji iwe kali isiwe kali. Sibishani na janga. Watu walikuwa hawawezi kusafiri. Lakini mwenyeji alijua pamoja na mgeni. Tarehe 30 Brian Chesky, mkuu wa Airbnb, akawaandikia wenyeji kuomba radhi kwa kutowashauri kwanza kama washirika, zikatengwa dola milioni 250, na mwenyeji akalipwa robo ya kile ambacho sera yake ya kughairi ingempa. Robo. Angalau pale palikuwa na janga la dunia. Hawa wangu hawakuwa na janga lolote, walikuwa na kikao.

Nisionekane nalia kwa kila kitu. Kuonyesha bei yote mwanzoni kabla mgeni hajabonyeza, naunga mkono asilimia mia. Wenyeji wengine walikuwa wanaandika bei ya usiku ndogo kama ya banda, halafu usafi unazidi usiku wenyewe. Kamera za ndani Airbnb walizipiga marufuku kuanzia mwisho wa Aprili 2024, na yeyote aliyelalamika hapo mimi simtaki hata jirani. Wapo pia wenzetu wanaomtoza mgeni usafi kisha wanamwachia orodha: toa takataka, fua taulo, pangusa jiko. Mabadiliko yanayomlinda mgeni dhidi ya watu hao sina neno nayo.

Kwenye kundi letu mambo ni vurugu. Wawili wameshafunga matangazo na kuweka wapangaji wa mwaka. Mmoja anasema kipato kimeshuka lakini analala usiku, na kwa kweli nilimuonea wivu. Wengine wanataka tuwachukue wageni pembeni, nje ya jukwaa. Sawa, ila mnajua meseji zinachujwa, ukiandika namba ya simu kabla ya nafasi kuthibitishwa inageuka nyota nyota, na ukikamatwa unafungiwa akaunti na tathmini zako zote za miaka. Mimi nimefuta punguzo la wiki na nimeweka ukaaji wa chini usiku mbili. Anayeumia hapo ni mgeni mwaminifu wa siku nyingi, naliona hilo, wala silifurahii.

Halafu kulikuwa na mgomo. Tulikubaliana tufunge kalenda wikiendi moja, wote, waone pengo. "Tuko pamoja!" Ngumi zikajaa skrini nzima. Ijumaa jioni nikaingia kama mgeni, nikatafuta. Wale waliopiga kelele kuliko wote wamefungua, na mmoja kapandisha bei kwa sababu washindani wamepungua. Sitamtaja, ila anasoma hapa. Kaka, nimekuona.

NYONGEZA: Nimesoma majibu hadi ukurasa wa pili. Anayesema "kama hupendi, toka" nimemwelewa. Tathmini zangu mia mbili na kitu natoka nazo vipi? Zinahamishika? Ukifungua tangazo kwingine unaanza sifuri, unagombea mgeni wa kwanza kama umefungua jana.

Aliyeuliza kama nimeshakubali masharti mapya: bado. Kila nikifungua programu inakuja skrini nzima, kitufe kikubwa "Nakubali", na chini yake maandishi madogo ya kijivu "Nikumbushe baadaye". Cha kukataa hakipo, nimetafuta mpaka kwenye mipangilio. Wamesema mwisho wa mwezi atakayekuwa hajakubali tangazo lake litafichwa. Kwa leo nimebonyeza "Nikumbushe baadaye" mara sita, na kama kuna mwenyeji aliyewahi kuvuka hiyo tarehe bila kukubali, naomba aje aseme kilichompata.