Naomba ushauri: kijana mwenye biashara ajilipe vipi bila kula mtaji?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kuhusu mshahara wa mwenye duka dogo la rejareja linaloanza kukua.

Bidhaa iliyonunuliwa 70 ikiuzwa 100, ile 70 irudi kwenye mzigo yote. Kwenye 30 inayobaki ndimo zinamotoka pango, usafiri na malipo ya msaidizi. Wengi wanakwama hapa: jioni droo imejaa, wanaona ni faida, kumbe sehemu kubwa ni pesa ya msambazaji. Kukopesha nako kunaumiza kuliko kunavyoonekana. Mdaiwa mmoja akitoroka na bidhaa hiyo, lazima uuze nyingine tatu kuziba pengo, na hapo hujalipa pango.

Sasa, ni bora kujilipa kiasi kilekile kila mwezi au asilimia ya faida? Naegemea kiasi kilekile, maana asilimia inapandisha matumizi mwezi mzuri, na mwezi mbaya hayashuki kirahisi.

Na akiba ifikie gharama za miezi mingapi kabla ya kufungua tawi la pili? Mitatu naona michache, hasa kwa biashara ya msimu. Wenye uzoefu, naombeni mnijibu kwa hesabu kamili.