Tupeane uzoefu: Ulaya na familia, ulikodi gari au ulipanda treni?

Fundi Saa
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa tisa, Mungu akipenda, naenda Ulaya na mke, watoto wawili (wa miaka minne na tisa) na mama mzazi, ambaye magoti yanamsumbua. Tunashukia Zürich, tunakaa Uswisi kidogo, halafu Italia: Milano, Firenze, na vile vijiji vya Toscana ambavyo mke kaviona mtandaoni na hataki kusikia habari nyingine. Ndege ya kurudi tunapandia Roma.

Shemeji anasema nikodi gari pale pale uwanja wa ndege, mabegi kwenye buti, mama siti ya mbele, mchezo umekwisha. Rafiki yangu aliyesoma huko anasema gari Ulaya ni kujitafutia kesi. Bei za kwenye tovuti naziona mwenyewe. Nataka aliyekwenda aniambie yaliyomkuta.

Mzaramo wa Basel
Karibu mkuu. Mimi naishi huku na gari sina. Siyo ubahili (kidogo tu). Kituo cha treni kiko chini ya uwanja wenyewe wa ndege wa Zürich. Mnashuka kwa lifti na mabegi yenu, na baada ya saa mbili na kidogo mko Interlaken. Ninyi wakubwa mkichukua Swiss Travel Pass (tiketi moja ya kuzungukia Uswisi), ombeni na kadi ya familia, maana mtoto wa chini ya miaka 16 husafiri bure akiwa na mzazi wake. Huyo wa miaka minne halipi kwa vyovyote.

Kama mna mpango wa Zermatt, magari ya kawaida hayaingii mjini. Unaliacha kijiji cha jirani, Täsch, unalipia maegesho, unapanda treni. Sasa ulilikodi la nini?

Tena kuna jambo shemeji hakukwambia. Ukichukua gari Uswisi ukalirudisha Italia, ada ya kuliacha nchi nyingine inaweza kuzidi kodi yenyewe. Zürich hadi Milano pandeni treni ya EuroCity, saa tatu na ushei. Mtapita handaki la Gotthard, kilomita 57, refu kuliko handaki lolote la reli duniani. Huyo wa miaka tisa mpe saa ahesabu dakika, kwa sababu mle ndani ni giza tupu, hakuna cha kuona. Wanaotaka mandhari hupanda treni ya njia ya zamani, ile ya juu mlimani iliyokuwepo kabla handaki jipya halijafunguliwa 2016. Inachelewa, lakini macho yanashiba.

Ngozi Ngumu
Nafuatilia uzi huu nikiwa Mbagala, nauli ya mwendokasi mkononi.

Binti Pangani
Mimi na mume wangu tumefanya yote mawili na ndoa bado ipo, kwa hiyo nisikilize kaka.

Milano kwenda Firenze ni treni ya mwendo kasi, kama saa mbili, na inakushusha katikati ya mji kabisa. Kuingia na gari humo ni kujisumbua bure. Firenze kwenda Siena tulipanda basi, raha tu. Shida ikaanza tulipotaka Pienza na Montepulciano. Mabasi yapo, ila ni ya wanafunzi na wafanyakazi, yanafuata ratiba zao wao. Jumapili ndiyo usiseme, unaweza kukaa kituoni hadi kivuli chako kikuchoke. Tukakodi gari kwa siku zilizobaki, na hapo nikaelewa kwa nini watu wanaililia Toscana. Mnasimama mnapotaka, mnanunua jibini kwa mama mmoja kando ya njia, mnapiga picha ile miti mirefu myembamba, mnaondoka.

Sasa kesi anayoisema rafiki yako, jina lake ni ZTL. Miji mingi ya Italia, mikubwa na midogo, ina eneo la katikati ambalo magari ya wageni hayaruhusiwi. Hakuna geti wala askari. Kuna alama ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na kamera inayosoma namba ya gari. Kwenye miji mingine kuna ubao wa taa, na ukikuta umeandikwa "varco attivo" usiingie, maana kamera iko kazini. Mume alifuata simu, simu ikafuata njia fupi, tukakatiza kimji kimoja hivi kuelekea kwenye maegesho. Hatukusimamishwa na mtu. Tumesharudi nyumbani, tumesahau hata ladha ya lile jibini, kampuni ya gari ikakata hela kwenye kadi. Na hiyo haikuwa faini! Ilikuwa ada ya kuwapa polisi jina letu. Faini yenyewe ilikuja baadaye kwa barua. Sheria yao inawapa siku 360 kumfikia anayeishi nje ya nchi, kwa hiyo usijipongeze mapema. Ukilipa ndani ya siku tano tangu uipokee wanapunguza asilimia 30. Tulilipa siku hiyo hiyo, mume akiwa kimya kama maji ya mtungini.

Ushauri wangu: gari usilichukulie katikati ya Firenze, ofisi nyingi za kule ziko ndani ya ZTL au ukingoni mwake. Panda tramu ya T2 hadi uwanja wa ndege, kachukulie huko. Mkilala hoteli iliyo ndani ya eneo hilo, wapeni namba ya gari waisajili. Na Roma msiingie nalo. Liacheni Orvieto, mji ulio njiani, mpande treni, ni kama saa moja na kidogo.

Mtoto wa Ilala
Dada kasema kweli tupu. Naongeza habari ya kadi. Kaunta nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, siyo hii yetu ya kutolea mshahara. Mimi gari nimeshalilipia mtandaoni, naliona pale nje kupitia kioo, jamaa wa kaunta ananiambia bila kadi ya mkopo hawawezi kuzuia dhamana. Hela taslimu ninazo, hawazitaki. Nikawa mtu wa treni kwa lazima, na sikujuta, ila malipo ya awali sikurudishiwa.

Pia leseni ya kimataifa. Italia wanaitaka pamoja na leseni yako ya Tanzania, na hutolewa na nchi iliyokupa leseni. Ukishapanda ndege bila hiyo, imekula kwako. Na kama gia za mkono zilishakutoka, weka oda ya otomatiki mapema. Ni chache na bei yake imesimama.

Mama Wawili Köln
Treni nazo msizipambe sana jamani. Huku Ujerumani kuna Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, sasa ni 63 kwa mwezi. Unapanda mabasi, tramu na treni za mikoa nchi nzima. Treni za mwendo kasi hazimo, na usipoifuta kabla ya tarehe 10 inajilipia mwezi unaofuata. Ni tamu. Lakini mimi nimekaa na watoto jukwaani usiku, treni imechelewa, ya kuunganisha imeondoka, lifti mbovu, na kigari cha mtoto nimekibeba ngazi hadi juu. Fidia ipo, kwa tiketi ya kawaida ni robo ya nauli ukichelewa saa moja, nusu ukichelewa saa mbili. Fidia haibebi mtoto.

Kwa hiyo Fundi Saa, kwa ajili ya mama, ukiwa Italia tafuta huduma ya Sala Blu kwenye vituo vikubwa. Ni bure, unaomba mapema, wanampeleka kwa kiti hadi behewani.

Mkenya Mtembezi
Mimi nilikodi, lakini Uskoti, ambako wanaendesha kushoto kama kwetu. Leseni ya Kenya ilitosha, mgeni anaruhusiwa kuitumia hadi miezi 12. Kule kaskazini ya Inverness bila gari utaona kidogo sana. Barabara ni ya gari moja, kuna sehemu zilizopanuliwa za kupishana, na ukipishwa unapunga mkono. Kondoo wao hawapishi mtu. London nayo ni kugusa kadi ya benki kwenye treni na basi, ikifika kiwango cha siku inaacha kukata. Gari la nini?

Mrundi wa Brussels
Ninyi wa Tanzania, Kenya na Uganda ndio wenye kazi, sisi wa Bujumbura tulizaliwa upande wa kulia. Shemeji yangu wa Mwanza alikuja, akaendesha vizuri mchana kutwa penye magari mengi. Hatari ilikuja asubuhi, tunatoka kituo cha mafuta, barabara tupu, akaenda moja kwa moja upande wa kwao. Penye magari unawafuata wenzako. Penye upweke mkono unarudi nyumbani. Na huku Ubelgiji ukikuta njia panda isiyo na alama, anayetoka kulia kwako anapita kwanza, hata kama katokea kichochoroni.

Mkifika Luxembourg msinunue tiketi. Tangu 2020 mabasi, tramu na treni ni bure, isipokuwa daraja la kwanza.

Fundi Saa
Asanteni sana wakuu, nimewasomea wote nyumbani. Naona tumefika hapa: treni Zürich hadi Firenze, gari kutoka uwanja wa ndege wa Firenze kwa ajili ya vijiji, tunaliacha Orvieto. Kadi ya mkopo naenda benki Jumatatu. Mama kauliza moja tu, vyoo njiani vikoje?

Binti Pangani
Mwambie mama shikamoo. Kwenye barabara kuu kuna vituo vya mafuta vyenye mgahawa na choo, havikai mbali mbali. Vijijini agizeni kahawa mahali, choo kinakuja nayo. Kwenye vituo vikubwa vya treni wekeni sarafu ya euro tayari. Na kiti cha mtoto usisahau kukiomba wakati wa oda, Italia aliye chini ya sentimita 150 ni lazima akalie chake, kwa hiyo pima na huyo wa miaka tisa. Wanatoza kwa siku. Sisi cha wa mwisho tulikibeba kutoka nyumbani, shirika la ndege halikutudai kitu, ila uliza la kwenu kwanza.