Wakuu, "Planes, Trains and Automobiles" inafaa kuangalia na wazee Krismasi?

Mtoto_wa_Kibosho
Wakuu heshima mbele. Desemba tunapanda Moshi kama kawaida na mimi ndiye mbeba projekta. Mwaka jana niliweka picha la risasi mwanzo mwisho, mama akaenda kulala. Sasa nataka kichekesho cha zamani, nikakumbuka hii ya John Hughes ya 1987. Steve Martin ni Neal, bosi wa matangazo anayejisikia. John Candy ni Del, muuza pete za pazia la bafuni, mdomo haupoi. Wanatoka New York kwenda Chicago, theluji inaitupa ndege yao Wichita, huko Kansas, na balaa linaanzia hapo.

Baba ni mzee wa kanisa, mama Kiingereza hakipandi, na wajukuu wapo wa darasa la nne. Niliiangalia kitambo geto na washkaji, mambo ya aibu siyakumbuki. Niipeleke au niache?

Kondakta Mstaafu
Usithubutu kabla hujaikagua! Kuna pale Neal anapelekwa kwenye maegesho kuchukua gari la kukodi, basi likishaondoka anakuta gari halipo. Anarudi kwa miguu kwenye baridi, anafika kaunta, anamporomoshea yule mama tusi lile la herufi F mara 18 kwa kama dakika moja. Marekani waliipa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima. Mzee wa kanisa Kiingereza kinaweza kumpiga chenga, ila hilo neno analijua.

Mtoto_wa_Kibosho
Dah. Analijua vizuri sana.

Shangazi Mtata
Nyie mnakuza mambo. Tusi liko karibu lote sehemu hiyo moja. Ruka kuanzia basi linapomwacha, endelea pale Neal yuko chini barabarani na gari la Del linamkosakosa. Utalikosa jibu la yule mama wa kaunta, nalo ni tamu, lakini utafanyaje.

Kuna na asubuhi ya moteli. Walipewa chumba chenye kitanda kimoja, wanaamka wamekumbatiana, wanaruka kila mtu upande wake na kuanza kuongelea mpira kwa sauti nzito. Watoto watacheka tu. Baba yako akikohoa, mwulize kama chai imepoa.

Mbongo_Ohio
Sahihisho: si ya Krismasi. Ni ya sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Huku nilipo wiki hiyo viwanja vya ndege vinafurika, kila mtu anawahi kwao. Mchaga hahitaji kuelezwa zaidi. Hughes mwenyewe, enzi akifanya kazi ya matangazo, ndege yake ya kwenda Chicago ilishawahi kuishia Wichita.

Kibanda Umiza
Mama Kiingereza hakipandi? Asilimia kubwa ya kicheko iko mwilini mwa Candy, haihitaji lugha. Kuna pale anaendesha usiku huku anacheza muziki wa Ray Charles kwa kichwa, vidole na mabega, mpaka koti linamnasa kwenye kiti. Na pale stendi ya St. Louis, hela imekata, anauza pete za pazia kama hereni, kila mteja na uongo wake. Mmachinga kamili yule, mama atampenda papo hapo.

Lakini kuna sehemu moja lazima umtafsirie: ugomvi wa moteli. Neal anamsema mwenzake dakika nzima, kwamba hadithi zake hazina kichwa wala miguu. Kamera inakaa kwenye uso wa Del, unauona unavyoshuka. Kisha Del anamjibu kwa upole kwamba yeye anajipenda alivyo, mke wake anampenda na wateja wake wanampenda. Mama asipoyaelewa hayo, mwisho wa filamu atauona kama watu wawili wamebeba sanduku tu. Tafsiri wewe, taratibu, usiigeuze utangazaji wa mpira.

Kondakta Mstaafu
Na hilo la mke, kule mwishoni inakuja kujulikana kwamba

Shangazi Mtata
Wewe! Hapo hapo. Kuna watu hawajaiona.

Mtoto_wa_Kibosho
Asanteni wakuu. Napeleka. Ya kaunta naruka, ya moteli natafsiri mwenyewe. Kaka yangu akitaka kuiona ile ya gari kuungua, atasubiri wazee walale.

Kibanda Umiza
Ya gari kuungua haina shida, waonyeshe wote. Linabaki fremu, na wanaliendesha hivyo hivyo barabara kuu mpaka polisi anawasimamisha. Filamu nzima ni dakika 90 na ushee, ukianza saa mbili usiku wajukuu bado wako macho.

Mbongo_Ohio
Projekta yako inashika betri ya gari? Kule umeme wa Desemba mnaujua.

Mtoto_wa_Kibosho
Jenereta la jirani. Nimeshaongea naye, mafuta juu yangu, yeye na watoto wake wanapata viti vya mbele.