Oedipus kosa lake hasa ni lipi?

Binti_wa_Jukwaa
Wakuu, habari za jioni. Nasoma sanaa za maonyesho, mwaka wa pili. Kikundi chetu tunaandaa Mfalme Edipode (yaani Oedipus), ile tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa kale, aliyoitafsiri Samuel Mushi, na mimi nimepewa nafasi ya Jocasta, malkia aliye mke wa Oedipus na kumbe ni mamake. Tumekwama. Darasani tumefundishwa kwamba jagina wa tanzia lazima awe na dosari inayomwangusha, na dosari ya Oedipus ni kiburi. Basi mwongozaji wetu anataka Oedipus aingie kifua mbele tangu mwanzo, mtu wa dharau, ili akianguka watazamaji waseme kajitakia.

Mimi nikisoma sikioni hicho kiburi. Babake aliambiwa atauawa na mwanawe, mtoto akafungwa vifundo vya miguu na kutolewa akatupwe mlimani. Amekua, kaenda Delphi kwenye utabiri wa mungu Apollo, kaambiwa atamuua babake na kumwoa mamake, akaikimbia Corinth, mji alikolelewa na wale aliodhani ni wazazi wake, ili hayo yasimkute. Sasa hapo kosa lake ni lipi? Na kama yote yalishapangwa, Wagiriki walikuwa wanakaa kutazama nini? Naombeni mnisaidie, tunaonyesha mwisho wa mwezi.

Kinara77
Kiburi na hasira vipo, dada. Mtu kaambiwa atamuua babake, halafu anakutana na mzee njia panda (kumbe ndiye babake, Laius), wanagombea njia, anamuua yeye na watu wake. Kisha anaoa mjane wa umri wa mamake. Mwenye busara angeapa asiguse mzee yeyote wala asioe mkubwa wake. Mwongozaji wenu yuko sahihi.

Mwalimu_Mstaafu
Mwanangu, nimefundisha tamthilia hii maisha yangu yote ya kazi na swali lako ndilo swali lenyewe. Nakuomba usiliachie kirahisi, na mwongozaji wenu mwonyeshe haya kwa heshima.

Tuanze na njia panda aliyoitaja Kinara77. Soma Oedipus anavyomsimulia Jocasta. Mpiga mbiu na mzee walitaka kumwondoa njiani kwa nguvu. Akampiga aliyekuwa akimsukuma. Mzee akamvizia anapita kando ya gari la farasi, akamshushia mchokoo wa ncha mbili kichwani. Ndipo yule kijana akapiga kwa fimbo yake. Hasira anayo, sikatai, na anaua kuliko ilivyohitajika. Lakini Sophocles mwenyewe aliirudia kesi hii uzeeni, katika tamthilia nyingine ya Oedipus, ya Colonus, iliyochezwa mwaka 401 KK yeye akiwa ameshafariki. Humo Oedipus kipofu anamuuliza Creon, shemeji yake: mtu akikujia sasa hivi kutaka kukuua, nawe huna hatia, utamuuliza kwanza kama ni babako, au utajitetea? Creon hana jibu.

Hii habari ya dosari watu wanamsingizia Aristotle, mwanafalsafa aliyechambua tanzia. Sophocles alifariki 406 KK. Aristotle amezaliwa 384 KK. Aliyeandika hakuwa na kanuni ya kufuata, mchambuzi ndiye aliyekuja nyuma. Na alichosema mchambuzi ni kwamba anayefaa kwa tanzia ni mtu wa katikati, asiyepita wengine kwa wema, ambaye hakuanguka kwa uovu ila kwa kukosea jambo kubwa. Oedipus kakosea jambo kubwa kuliko yote: hakujua wazazi wake ni akina nani. Kiburi hicho kimepachikwa na vitabu vya mitihani, maana ni rahisi kukisahihisha.

Na kama kila jagina ana dosari, mtu anitafutie ya shujaa Heracles katika tamthilia ya Euripides, mtunzi mwingine wa Kigiriki. Ametoka kuzimu, amemuua dhalimu aliyetaka kuangamiza familia yake, amewaokoa wanawe. Hapo hapo Hera, mungu wa kike, anamtuma Wazimu (humo ni mhusika) amvamie, na Wazimu mwenyewe anapinga, anasema mtu huyu hastahili. Heracles anawaua mkewe na watoto wote watatu. Dosari iko wapi?

Sasa kuhusu kupangwa. Angalia mambo mawili aliyoambiwa Delphi. Yote mawili yameshatendeka zamani kabla mchezo haujaanza! Tunachotazama jukwaani ni mtu anatafuta kujua, na kila aliye karibu naye anamsihi aache. Tiresias, mwonaji kipofu, anamwambia niruhusu niende zangu. Jocasta anamwambia kwa jina la miungu, kama unaupenda uhai wako, usitafute zaidi. Mchungaji wa zamani wa Laius, aliyepewa mtoto akamtupe, anaomba asiulizwe tena. Hapo nikifika huwa siwezi kusoma kwa sauti ya kawaida. Mchungaji anasema, ole wangu, nimefika penye neno la kutisha kulisema. Oedipus anajibu: nami penye kulisikia, lakini lazima nilisikie.

Lazima nilisikie! Kwa moyo huo huo alikitegua kitendawili cha zimwi Sphinx, na mji wa Thebes ukapona. Nao ndio unaomwangamiza. Mwambie kijana anayecheza Oedipus asome upya ukurasa wa kwanza. Watu wamekaa mbele ya jumba na matawi ya kuombea, tauni inaua mji, na mfalme katoka mwenyewe kuwasikiliza, hakutuma mjumbe. Anawaambia anajua wote wanaugua, lakini hakuna anayeugua kama yeye. Creon akirudi na jibu la Apollo anapendekeza waingie ndani wazungumze. Oedipus anamwambia sema mbele ya wote. Ukimwingiza kwa dharau umeua mchezo dakika ya tano, kwa sababu hakuna atakayeumia akianguka.

Msomaji_wa_Pwani
Shikamoo mwalimu. Nakubali mengi ila hapa sijaridhika. Tiresias si alimwambia siku hii ya leo itakuzaa na itakuangamiza? Akamtabiria na upofu na fimbo ya kupapasia. Basi hata huko kutafuta kumepangwa.

Na kwa anayetaka jagina wa dosari, yupo Creon wa Antigone, tamthilia nyingine ya Sophocles. Hakuna aliyemtabiria lolote kabla. Kakataza maiti ya kakake Antigone isizikwe, kakataa ushauri wa mwanawe Haemon, kamtukana mwonaji. Hata alipogeuka, wazee wa korasi (kundi la raia wanaoimba na kushauri jukwaani) walimwambia mfungue binti Antigone kwanza kisha umjengee maiti kaburi. Yeye akaanza na maiti. Alipofika pangoni Antigone ameshajinyonga.

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Umenipa hoja nzito. Kweli Tiresias anasema. Lakini anasema baada ya nini? Alikuja akitaka kunyamaza, Oedipus akamlazimisha hadi akamtuhumu kwamba ameshiriki mauaji. Utabiri huo ulitoka kwa sababu ya kuulizwa. Mwonaji kuyaona mapema hakumwondolei Oedipus uamuzi. Na Oedipus mwenyewe, macho yakitoka damu, anayasema yote mawili kwa pumzi moja: ni Apollo, rafiki zangu, aliyeyatimiza mateso yangu haya, lakini mkono uliopiga ni wangu, si wa mwingine. Mimi sijaona popote palipojibiwa vizuri zaidi.

Creon umemweka mahali pake hasa. Yeye angeweza kuokoka, ndiyo maana wazee wanabishana naye. Ukimpima Oedipus kwa kipimo cha Creon, humwelewi hata mmoja.

Binti_wa_Jukwaa
Asanteni sana, shikamoo mwalimu. Nimempelekea mwongozaji, amesema kesho tutaurudia ukurasa wa kwanza. Naomba swali moja la mwisho. Jocasta anajua saa ngapi?

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Anajua wakati hasemi. Mjumbe wa Corinth anapomwambia Oedipus kwamba alimpokea akiwa mchanga, miguu imetobolewa, kutoka kwa mchungaji wa Laius, Jocasta yuko pale pale jukwaani na hana mstari hata mmoja. Wanaume wanaendelea kuulizana. Kazi yako kubwa iko hapo, kuliko kwenye maneno. Usilie, usishike kichwa. Subiri mpaka wazee wa korasi waseme malkia ndiye atakayejua, naye Oedipus akugeukie akuulize. Ukimwambia aache, yeye atadhani unaona haya kuolewa na mtoto wa mtumwa. Kwa hiyo msihi kwa upole, asije mtazamaji naye akadhani hivyo.

Na korasi je, mko wangapi? Sophocles alitumia watu 15. Ninyi hata 5 wanatosha, ila wawe wazee waliomwona mtu huyu akiwaokoa, wasigeuzwe kwaya ya kupumzishia watazamaji.

Binti_wa_Jukwaa
Tuko 6, na mwongozaji alikuwa anataka kuwapunguza wawe 3. Nitamwomba awaache.