Gramu 75 ni sehemu gani ya kilo? Hesabu ya kahawa imenishinda

Mkaangaji wa Moshi:
Habari zenu, wanajukwaa. Ninakaanga kahawa nyumbani hapa Moshi, na hoteli moja ya Arusha imeniagiza pakiti 120 za gramu 75 kila moja. Kwa kuwa mizani yangu ya kidijitali husoma kilo tu, niliandika gramu 75 kuwa 0.75, nikazidisha kwa 120, nikapata kilo 90. Hilo ni gunia zima la kilo 60 na nusu yake, ilhali mzigo wenyewe unaenea katika boksi moja! Nimekosea wapi?

Muuza Nafaka:
Ndugu, umeangusha sifuri. Kilo moja ina gramu 1,000, kwa hiyo gramu huchukua nafasi tatu baada ya nukta: gramu 75 ni 0.075, na hiyo 0.75 uliyoandika ni gramu 750, yaani robo tatu. Unahitaji kilo 9. Kwenye robo na nusu watu hawababaiki. Balaa huanza pale sifuri inapotangulia. Kijana niliyemwachia duka aliwahi kusoma 1.05 akatoza kilo moja na nusu, na mteja, aliyekuwa amebeba kilo moja na gramu 50 tu, alirudi na maneno mengi kuliko maharage yake.

Mwalimu, Arusha:
Mimi ningeiacha nukta hadi mwisho: 75 mara 120 ni gramu 9,000, kisha ugawe kwa 1,000. Hata hivyo, kilo 9 ni za kahawa iliyokwisha kukaangwa, na kahawa hupungua uzito motoni kwa sababu maji yake hutoka. Ikipungua asilimia 15, usiongeze asilimia 15 juu ya 9,000, maana upungufu huhesabiwa kutoka kwenye kahawa mbichi. Gawa 9,000 kwa 0.85, upate gramu 10,590 hivi. Kaanga kwanza kilo moja uone kwako inabaki ngapi. Tena, weka pakiti tupu juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri kabla ya kujaza.

Mkaangaji wa Moshi:
Asante, Mwalimu, nawe Muuza Nafaka. Nimekaanga kilo moja jioni hii, ikabaki 0.840. Tisa kugawa kwa 0.84 ni kilo 10.7 na kidogo, hivyo nitanunua 11. Kilo 11 zikikaangwa zitabaki 9.24, na gramu 240 zitakazozidi zitatosha pakiti tatu za hapa nyumbani.