Nimeleta mitetea wapya, kuku wa zamani wanawashambulia: naomba ushauri

MfugajiUani
Wakuu, habari zenu. Nina kuku tisa nyumbani, majike wanane na jogoo mmoja. Wamekaa pamoja muda mrefu na wanaelewana. Juzi nimepata mitetea wanne wa kama miezi minne, hawajaanza kutaga. Nimewaweka kwenye kibanda cha muda upande wa pili wa ua. Jana mmoja alichoropoka akaingia kwa wakubwa, jike mmoja mweusi akamfukuza na kumdonoa kichwani mpaka kilemba kikatoka damu. Watu wananiambia nisubiri usiku, niwapandishe wapya kwenye vichanja wenzao wakiwa wamelala, asubuhi wataamka wote wamoja. Ni kweli? Sitaki kupoteza hata mmoja kati ya hawa kuku.

Kichanja
Mkuu, njia ya usiku inafanya kazi. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo hakuna anayepigana. Asubuhi wahi tu kufungua mlango wawe na nafasi ya kukimbiana.

MamaVifaranga
Samahani Kichanja, hapa sikubaliani nawe. Kuku wanajuana kwa sura, hasa kichwa na kilemba. Kukikucha anamwona mgeni yuleyule, tena sasa yuko ndani ya banda lake, mahali pasipo pa kukimbilia. Usiku unaahirisha ugomvi, hauumalizi.

MfugajiUani, pole kwa huyo aliyeumia. Safisha kidonda, umpake ile dawa ya zambarau. Kuku wakiona wekundu wa damu huendelea kudonoa palepale, na rangi hiyo inauficha. Usimpeleke mbali na wenzake watatu. Mwekee kizuizi cha wavu hapohapo kibandani, maana akikaa mbali siku nyingi naye atarudi kama mgeni.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi si huyo mweusi, ni magonjwa. Kuku anaweza kuwa mchangamfu kabisa na bado akawa amebeba kitu. Aliyewahi kuugua mafua ya kuku akapona, mara nyingi hubaki na vimelea na kuwaambukiza wengine, hasa akipata msukosuko kama huu wa kuhamishwa. Mdondo (kideri) nao huweza kukaa mwilini hadi wiki mbili bila dalili. Kwa hiyo watenge wapya siku 30, mbali na banda la zamani, vyombo vyao peke yao. Na kwa kuwa jana wamekutana, hesabu ianze jana, na uwaangalie wote, wapya na wa zamani: chafya, macho kutoa machozi, uso kuvimba, kinyesi cha kijani au chenye damu, kuku kujikunyata. Ukiona hata moja, mwite daktari wa mifugo.

Uliza walikotoka kama walichanjwa mdondo. Kama hakuna anayejua, daktari akupangie chanjo ndani ya muda huu huu wa karantini.

ManyoyaMeupe
Naongezea kwa MamaVifaranga. Anza kuhudumia wa zamani, halafu wapya, usirudi nyuma. Viatu vya kuingilia kwa wapya viwe vyake, na mikono unawe. Wengi wanatenga kuku vizuri kisha wanabeba kinyesi kwa soli ya kiatu.

Halafu wakague mwilini. Mshike kila mmoja, fungua manyoya chini ya mbawa na kuzunguka sehemu ya kutagia. Chawa utawaona wakikimbia kwenye ngozi, na mayai yao yameganda kwenye mashina ya manyoya. Utitiri mwekundu ni mjanja zaidi: mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, usiku ndiyo hutoka kunyonya damu. Pitisha tochi chini ya vichanja usiku. Ukishaingia kwenye banda kubwa, kuutoa ni kazi ngumu mno, kwa sababu huvumilia miezi mingi bila kula.

MfugajiUani
Asanteni sana. Kibanda nimekisogeza mbali zaidi leo. Karantini ikiisha salama, hapo ndiyo nawachanganya moja kwa moja?

MamaVifaranga
Hapana, bado kuna hatua ya wavu. Wasogeze karibu na wakubwa, waya uwe katikati, waonane na kusikiana bila kugusana, wiki moja mpaka mbili. Weka vilishio pande zote mbili karibu na waya ili wazoee kula wakitazamana. Wakubwa wakiacha kuushambulia waya, wako tayari.

Siku ya kuchanganya, watoe wote nje kwenye eneo pana, siyo bandani. Waingize wanne kwa pamoja, ukali wa wenyeji ugawanyike. Ongeza vilishio na vyombo vya maji, viwe mbalimbali, maana mbabe hawezi kulinda kila kona. Weka vitu vya kujificha nyuma yake, mbao iliyoegeshwa ukutani au matawi, lakini pasiwe na kona isiyo na njia ya kutokea. Hapo sasa ushauri wa Kichanja una nafasi yake: wakishazoeana mchana, jioni wapandishe kwenye vichanja.

Yule mweusi akiendelea kumwandama mmoja, mtoe yeye, siyo anayeonewa. Mweke pembeni siku chache. Akirudi anakuta mpangilio umebadilika, naye analazimika kutafuta nafasi yake upya.

Kichanja
Nimekuelewa mama, na nakubali kwamba mimi nilichanganya kuku waliokuwa wameshazoeana kupitia waya. Mkuu, uangalie pia chakula. Hao wapya hawajaanza kutaga, na chakula cha kutagia kina chokaa nyingi inayoumiza figo za kuku mchanga. Wape wote chakula cha kukuzia, wanaotaga uwawekee maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni. Watakula kadiri miili yao inavyohitaji.

MfugajiUani
Nitafanya hivyo. Swali la mwisho: nitajuaje kwamba ugomvi umezidi?

ManyoyaMeupe
Kudonoa mara moja na kufukuza hatua chache, waache, ndivyo wanavyopangana. Ingilia ukiona damu, au wawili watatu wanamkandamiza mmoja, au mmoja anakaa juu ya kichanja mchana kutwa hataki kushuka. Jioni wakishapanda, papasa kifuko cha chakula chini ya shingo ya kila mgeni. Kikiwa kimejaa, amekula. Kikiwa kitupu, amezuiwa kula siku nzima hata kama hukuona ugomvi wowote, na kesho yake umlishe peke yake nyuma ya waya kabla ya kumjaribu tena.