Natafuta Kiingereza kwenye habari za uchaguzi, nimeishia kuchekwa mapokezi. Naombeni ushauri

MlinziWaFunguo:
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi.

Ni kijana wa hapa Mwanza, naishi Mabatini, nafanya mapokezi zamu ya usiku kwenye hoteli ya kawaida tu, si zile za ufukweni. Kidato cha nne nilimaliza, Kiingereza nikapata D, na hata hiyo D nahisi kuna mtu aliniombea. Wageni wetu ni wafanyabiashara wa samaki, mafundi wa mitambo, na wazungu wanaolala usiku mmoja kabla ya kwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka.

Wazimu wangu ulianza usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 2024. Mgeni mmoja Mmarekani aligoma kulala, akaomba niwashe televisheni ya sebuleni. Tukakaa na Trump na Harris kuanzia saa nane usiku, vituo vya kwanza vya kwao vilipoanza kufungwa, mpaka zamu yangu ikaisha. Nikagundua kitu: watangazaji wale wanarudia. Kwenye filamu neno likikupita limekwenda. Kwenye uchaguzi, subiri dakika tano linarudi lenyewe. Asubuhi yake nikanunua daftari, na tangu hapo uchaguzi wa nchi yoyote ukitangazwa kwa Kiingereza, nipo.

Shida ni kwamba maneno ninayo, maana zinanitoroka. "Too close to call" niliiandika hivi: wako karibu mno, hakuna haja ya kupigiana simu. Nikaona ni sawa kabisa, watu wa karibu si wanafuatana tu?

Juzi kafika Mwingereza saa tano usiku, kachoka, begi lake limelowa mvua, chumba chake tumempa mtu mwingine. Akauliza, "Who runs this place?" Daftari langu linasema "run" ni kugombea. Nikajibu kwa kujiamini, "Nobody is running, sir." Akanitazama, akatazama kaunta, akasema, "I can see that." Dada wa usafi, aliyesomea hoteli, anacheka mpaka leo.

Mwezi ujao nina usaili kwenye hoteli kubwa kidogo, maswali yote Kiingereza. Niendelee na daftari hili au nilitupe ziwani?

SangaraMkavu:
Usilitupe upande wa Kirumba. Sangara wakilimeza wataanza kugombea ubunge.

DadaWaNansio:
Mdogo wangu, pole, ila nimecheka. Mimi nimefanya kazi ya wageni miaka, na ushauri wangu ni mfupi: liweke kando mpaka usaili upite. Hakuna mgeni atakayekuuliza habari za Seneti. Atakuuliza taulo, chandarua, nywila ya intaneti, na boti ya Ukerewe inaondoka saa ngapi. Jifunze kuomba radhi kwa Kiingereza, maana mapokezi ya usiku nusu yake ni kuomba radhi. Siasa utaikuta palepale ulipoiacha.

MlinziWaFunguo:
Asante dada. Ila vitabu vya hotelia vinanilaza usingizi. Uchaguzi unanikesha.

MchambuziHuru:
Hapo hujagusa neno lenyewe, "gerrymander". Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alisaini sheria ya kuchora upya majimbo ili chama chake kipate viti. Jimbo moja likatoka na umbo la ajabu, gazeti likalichora kama mnyama wa jamii ya "salamander", anayefanana na mjusi. Jina la gavana likaunganishwa na la mnyama, na neno lipo mpaka leo.

SangaraMkavu:
Sawa mkuu, mgeni akilalamika chumba kimekatwa vibaya atalitumia.

TichaBuhongwa:
Kijana, usilitupe. Daftari halina kosa, ila umeandika maana ya mwisho ukaruka ya kwanza. Maneno ya uchaguzi wa Kiingereza mengi ni ya kuazima, na ukienda kwa mwenyewe wa kwanza utarudi na neno linalofaa hata hapo mapokezi.

Chukua hilo "run" lililokuaibisha. Mwanzo wake ni kukimbia. Mtu anakimbia, maji yanakimbia bombani, biashara "inakimbia" maana yake inaendeshwa. Yule mgeni aliuliza nani anaendesha hapa, alimtaka meneja. Kitu kikiisha, "we have run out". Ukichelewa, "running late". Neno moja, na kazi zake nyingi zipo hapo kaunta kwako. Na ujue Mmarekani anakimbia kutafuta kura, "run for office", ila Mwingereza anasimama, "stand for Parliament". Sisi Waswahili hatukimbii wala hatusimami, tunagombea, na naona sisi ndio tumesema kweli.

"Landslide" ni maporomoko ya ardhi, kama yaliyoikumba Katesh kule Hanang Desemba 2023. Julai 2024 chama cha Labour kilipozoa viti zaidi ya 400 kati ya 650 vya Bunge la Uingereza, ndilo neno walilotumia. Sisi tunasema ushindi wa kishindo. Mwingereza kaona mlima ukishuka, Mswahili kasikia mlio.

Kundi kubwa ni la mbio za farasi. Hapo Wasukuma tunapotea, maana sisi ni watu wa ng'ombe. "Running mate", yaani mgombea mwenza, mwanzo alikuwa farasi anayekimbizwa pamoja na mwenzake wa zizi moja ili amtilie mwendo. "Dark horse" ni farasi ambaye watazamaji hawamjui, halafu anawashtua. "Neck and neck" ni farasi wawili shingo zao ziko sawa. Hapo usije ukatafsiri bega kwa bega! Bega kwa bega ni kusaidiana. Yetu ni kukabana koo.

Na "call" hapo ni kutangaza mshindi. Vyombo vya habari vinapiga hesabu, vikiridhika vinatamka. Shirika la Associated Press lilimtangaza Trump saa 7:34 mchana kwa saa zetu. Wewe ulikuwa umeshalala Mabatini. Kabla ya hapo, kwenye majimbo waliyokabana, kura zilikaribiana mno kuthubutu kutamka. Ndiyo "too close to call" yako, haina simu ndani yake.

MlinziWaFunguo:
Shikamoo mwalimu. Hiyo ya simu nimeifuta sasa hivi. Na "lame duck"? Nimeandika bata kilema, nikaweka alama ya kuuliza.

TichaBuhongwa:
Marahaba. Bata kilema ni sawa, huyo ndiye wa kwanza. Karne ya 18, kwenye soko la hisa la London, waliitwa hivyo walioshindwa kulipa madeni yao. Baadaye likaenda kwa kiongozi anayemalizia muda huku mrithi wake ameshapatikana: bado yuko ofisini, ila watu wanaangalia mlango anaoingilia mwingine. Marekani wanapiga kura Novemba na rais anaapishwa tarehe 20 Januari. Zamani walingoja mpaka tarehe 4 Machi, bata akachechemea miezi minne, ndipo marekebisho ya katiba ya mwaka 1933 yakafupisha safari yake.

MzeeWaKamanga:
Naongeza langu moja. Sikiliza habari hiyohiyo kwanza kwa Kiswahili, BBC au DW, halafu uifuate kwa Kiingereza. Ukishajua nani kamshinda nani, sikio linapata nafasi ya kushika maneno. Mimi nilifanya hivyo na redio ya mbao, kabla hamjazaliwa.

Ila angalia mitego ya kwetu. Kura za maoni kwa Kiingereza ni vitu vitatu: mchujo ndani ya chama ni "primary", utafiti wa kuuliza watu ni "opinion poll", na wananchi kuamua jambo kwa ndiyo au hapana ni "referendum". Na jimbo pia. Nyamagana na Ilemela ni "constituency", Pennsylvania ni "state". Yale saba waliyoyaita "swing states" mwaka 2024, yaani yanayoweza kuangukia chama chochote, mengine ni makubwa kuliko nchi nyingi, usije ukadhani ni saizi ya Ilemela.

DadaWaNansio:
Basi nimekubali nusu. Daftari libaki, lakini kila neno la uchaguzi liandikie na sentensi ya hotelini. Ukikosa sentensi ya hotelini, neno hilo mwachie MchambuziHuru.

MlinziWaFunguo:
Nimefungua ukurasa mpya. Kushoto neno lenyewe, katikati uchaguzi, kulia hoteli. "Gerrymander" kulia pako wazi.

Mrejesho wa leo: saa nne usiku chumba cha ghorofa ya juu kimepiga simu, maji ya moto hakuna. Nikavuta pumzi nikasema, "We have run out of hot water, sir. I am very sorry." Kaelewa. Kakasirika sana, lakini kaelewa.